Soko la Sanaa Mtaani: Fundi Alipwe Kwanza

Mimi ni msusi wa viondo, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mweka hazina wa soko la sanaa tunaloliandaa uwanjani mwa kanisa moja, Kangemi, Nairobi, mara tatu kwa mwaka. Pesa huenda kwa shule ya msingi ya mtaa. Wanaotaka kuanzisha soko la aina hii kwao huniuliza: mafundi watoe vitu bure, au walipwe? Walipwe, tena walipwe kwanza.

Soko letu la kwanza tulilifanya kama harambee: kila fundi achangie bidhaa, mauzo yote yaende shuleni. Walikuja, lakini na viondo vilivyolegea kitako, vinyago vyenye nyufa na shanga za mwaka juzi. Siwalaumu hata kidogo. Mkono mtupu haulambwi, na anayekula kwa jasho la mikono yake hatatoa kilicho bora kisha alale njaa.

Kitazame kiondo cha mkonge. Nyuzi hutiwa rangi, zikaanikwa, zikasokotwa juu ya paja hadi ngozi ya paja inakuwa sugu. Ndipo unaanza kitako, ukizunguka mstari kwa mstari. Ukikosea mapema hutajua. Utafika karibu na ukingo ndipo uone kiondo kimeegemea upande, na hapo dawa ni kufumua. Kikubwa hunichukua wiki mbili nikisuka jioni. Bado nikipeleke soko la Kariokor kikatiwe mikanda ya ngozi, na fundi wa ngozi hangojei siku ya soko letu ndipo alipwe.

Au vijiko vya mfupa wa ng'ombe kutoka Kibera. Mfupa huchemshwa mpaka mafuta yatoke, ukakatwa, ukapigwa msasa. Kisha fundi huchora kwa nta pale asipotaka rangi iingie, akauchovya. Nta ikibanduliwa, michoro myeupe inabaki juu ya weusi. Vumbi la kazi hiyo ni baya kwa mapafu, ndiyo maana barakoa huhesabiwa ndani ya bei ya fundi. Mnunuzi halioni vumbi hilo, basi sisi tunamweleza.

Sasa hesabu. Kila bidhaa ina kikaratasi chenye bei mbili. Ya kwanza hupangwa na fundi mwenyewe, hatumwingilii. Ya pili ni ya mradi wa shule. Tuseme msusi anataka shilingi 2,000. Tunaongeza 400, na mnunuzi anaziona zote mbili kabla ya kutoa pesa. Akitaka kupunguziwa, na Nairobi mtu asipoomba punguzo huhisi ameibiwa, anazungumza na fundi juu ya zile 2,000 pekee. Zile 400 haziguswi. Jambo hili limetuokoa sana, kwa sababu zamani kila punguzo lilikuwa likikatwa kwa shule, na jioni tukabaki tunatazamana.

Ada ya meza ni shilingi 200, ya tenti na mlinzi. Kibali cha kaunti tunakitafuta mapema. Usingoje wiki ya mwisho.

Malipo yote ya mradi hupitia nambari moja ya Lipa na M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Tulipokuwa tukitumia simu ya mwanakamati, hakuna aliyeiba, lakini minong'ono pekee ilitosha kuvunja urafiki wa miaka. Sasa watatu tunatia sahihi, na kabla tenti hazijashushwa nasoma daftari kwa sauti mbele ya mafundi wote: meza gani imeuza nini, mradi umepata ngapi. Huchukua karibu saa nzima na watu wamechoka. Hata hivyo siachi kulisoma.

Tarehe nazo zina maana. Januari karo imemaliza mifuko. Aprili masika hulowesha mkonge, na kiondo kilicholowa hunuka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia, ndiyo yetu.

Kuhusu mradi wenyewe, tangi la maji la lita 10,000 tayari limesimama shuleni juu ya msingi wa zege. Limebaki bila gata za kuingiza maji ya paa, na soko la Novemba ni la gata hizo. Tunatafuta pia fundi wa ngozi anayeweza kukaa nasi siku nzima na kutia mikanda papo hapo. Ukimjua mmoja pale Kariokor, mwambie meza yake ya kwanza haina ada.