Kupiga Windows upya si tiba ya sasisho lililokwama

Wiki hii nimeletewa tena laptopu ambayo ilikuwa imeshatengenezwa. Ilikwama ikiwa inasasisha Windows, mwenyewe akaipeleka kwa fundi wa karibu, fundi akaifomati, akapiga Windows upya, na ikawaka vizuri. Mwenyewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na alichokuja kuniuliza ni kama ninaweza kumrudishia tasnifu yake iliyokuwa ndani. Sikuweza. Ninaandika kwa sababu imani iliyomponza imeenea kwa wateja na kwa mafundi wenzangu vilevile, kwamba sasisho likikwama Windows imekufa, na kwamba Windows iliyokufa haina dawa isipokuwa kupigwa upya.

Windows haiandiki sasisho moja kwa moja juu ya mfumo uliopo. Mafaili mapya huwekwa kwanza katika folda ya WinSxS, pamoja na orodha ya kazi zinazosubiri mashine iwashwe upya. Ikiwashwa, mapya hushika nafasi ya zamani, na hitilafu ikitokea katikati, mfumo hujaribu kurudi ulikotoka. Laptopu nyingi zinazokwama hukwama katika makabidhiano hayo. Nyaraka zako, picha zako na hesabu zako za duka zimo katika folda ya Users, ambayo haihusiki na makabidhiano hayo. Haki inanitaka nitaje kisa kinachokwenda kinyume: toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka Oktoba 2018, lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, na Microsoft ikasitisha usambazaji wake siku chache baadaye. Kwa kawaida, hata hivyo, anayefuta data baada ya sasisho kukwama ni mtu mwenye flashi mkononi.

Kufomati kulikuwa na nafuu enzi za diski za kuzunguka, kwa kuwa data iliyofutwa ilibaki pale pale mpaka iandikiwe juu, na programu za kurejesha mafaili ziliweza kuokota sehemu kubwa. Diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, zimeondoa nafuu hiyo. Unapofomati, Windows huiambia SSD kwa amri iitwayo TRIM kwamba maeneo yote hayo hayahitajiki tena, na diski yenyewe huanza kuyasafisha bila kumsubiri mtu. Ndiyo maana tasnifu ile haikuwa na mahali pa kutafutwa, na ndiyo maana fundi anayesema "tutafomati kwanza, data tutairudisha baadaye" anazungumzia vifaa ambavyo wateja wake wengi hawanavyo tena.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski nzima ili isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za sasa huisimba diski yake kimyakimya pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 hali hiyo imekuwa ya kawaida kwa mashine zinazowekewa mfumo upya. Mwenye laptopu hajui kwamba diski yake imefungwa, kwa sababu kila siku chipu ya TPM, inayotunza ufunguo ndani ya mashine, huifungua yenyewe inapoona kwamba mashine imewaka kwa njia ile ile ya jana. Sasisho likibadilisha kitu katika hatua za mwanzo za kuwaka, chipu hukataa kutoa ufunguo, na kioo huonyesha ukurasa wa bluu unaodai namba ya tarakimu 48. Masasisho ya usalama ya Julai 2024 yaliziingiza mashine kadhaa katika ukurasa huo, na Microsoft yenyewe ilikiri. Ukurasa huo si kirusi, wala namba hiyo si nenosiri ambalo mteja amelisahau. Ni ufunguo wa akiba, na kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft, ambako anaweza kuusoma kwa simu. Ukurasa huonyesha pia utambulisho wa ufunguo, ili mwenye mashine zaidi ya moja ajue anatafuta namba ipi.

Shida huanza tunapouliza akaunti ni ya nani. Laptopu nyingi hufunguliwa na muuzaji dukani kwa barua pepe aliyoitengeneza papo hapo, na mnunuzi akabaki na PIN peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, mpigie aliyekuuzia mashine, tafuta stakabadhi, jaribu kila barua pepe uliyowahi kuitumia, na kama mashine ni ya kazini, muulize mtu wa kompyuta wa ofisini kwenu. Nawaomba mafundi wenzangu waache mazoea ya kuanzia ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Kurudisha mipangilio ya kiwandani, kuzima Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowashwa) au kufuta TPM "ili tujaribu" kunaweza kuigeuza diski iliyokuwa ikifunguka yenyewe kuwa diski inayodai tarakimu 48 ambazo hakuna anayezijua. Bila ufunguo huo data haisomeki, hata ukiihamishia SSD katika mashine nyingine, na mteja anastahili kuambiwa hivyo waziwazi badala ya kupewa matumaini ya kulipia.

Kuhusu kusubiri, nakiri kwamba hakuna kanuni ya uhakika. Asilimia zinazoonyeshwa kwenye kioo hazilingani na muda, na mashine yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa kwenye namba moja kwa saa kadhaa huku ikifanya kazi halali. Laptopu nyingi hazina tena taa ya diski, kwa hiyo hata mimi siwezi kuitazama mashine nikajua kama imeganda au inasuasua. Ninachofanya ni kuiacha kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi ikiwa pale pale, naizima. Kama betri yake imekufa na umeme wa mtaani kwenu hukatika, usianzishe sasisho kabisa bila UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Kioo kikiwa cheusi tu huku feni inazunguka, unganisha kwanza televisheni au kioo cha nje.

Ukishaamua kuizima, kuna njia ya kuingia katika mazingira ya urekebishaji bila flashi yoyote: washa, na nembo ikitokea bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime, kisha rudia. Kwa kawaida safari ya tatu Windows huelewa kwamba imeshindwa kuwaka na kufungua ukurasa wa urekebishaji yenyewe. Humo, ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, uchague Uninstall Updates. Kitufe hicho kinafanya kile kile ambacho mteja amekuja kukitafuta, yaani kuliondoa sasisho lililokwama, na hakigusi nyaraka, lakini nimekutana na mafundi wenye uzoefu ambao hawajawahi kukibonyeza. Kikishindikana, jaribu Startup Repair, kisha System Restore, inayourudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma, kama ilikuwa imewashwa. Hata hivyo kuwa na flashi ya Windows pembeni, kwa sababu mazingira hayo nayo huguswa na masasisho: lile la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi humo, mpaka sahihisho lilipotoka tarehe 20. Ukitumia flashi, chagua kurekebisha kompyuta. Usibonyeze cha kusakinisha.

Vitufe vikigoma, kuna dirisha la amri (Command Prompt, humo humo katika Advanced options), na hapa nitakawia kidogo, kwa maana hapa ndipo watu hunakili amri za mtandaoni na kuhitimisha kwamba mashine haiponi. Katika mazingira ya urekebishaji, herufi za diski zinaweza kubadilika. Mfumo uliowaka kwa muda ule unaitwa X, na Windows yako iliyozoea kuwa C inaweza kuwa D au E. Andika dir D: na uangalie kama unaona folda za Windows na Users kabla ya kuandika jambo lingine. Amri ya sfc /scannow, inayokagua mafaili ya mfumo, ikiandikwa peke yake humo haijui Windows yako ilipo; ni lazima uielekeze kwa kuongeza /offbootdir=D:\ na /offwindir=D:\Windows. Amri inayofaa zaidi kwa sasisho lililokwama ni dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions, ambayo huifuta ile orodha ya kazi zinazosubiri na kurudisha hali ya awali. Mara nyingi hutosha. Sitaficha kwamba mara nyingine mashine huwaka baada yake lakini masasisho yanayofuata yakagoma, na sina njia ya kutabiri ni ipi itakayofanya hivyo. Nayo bootrec /fixboot, amri ya kurekebisha uwashaji inayopendekezwa kila mahali, hujibu Access is denied (umekataliwa) katika mashine nyingi za UEFI, yaani zile za kisasa zilizoacha BIOS ya zamani. Jibu hilo halimaanishi kwamba diski imekufa. Katika mashine hizo tumia bcdboot kuandika upya mafaili ya kuwashia.

Dirisha hilo hilo linaokoa data pia. Andika notepad, fungua menyu ya File, kisha Open, chagua kuonyesha mafaili yote, na utaweza kunakili folda za mteja kwenda diski ya nje. Ifanye kazi hiyo kabla ya amri yoyote niliyoitaja hapo juu.

Tarehe 19 Julai 2024, faili moja la usalama kutoka kampuni ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5, zikiwamo za mashirika ya ndege na hospitali. Lile halikuwa sasisho la Windows, ila dalili zilifanana: kioo cha bluu, kuwaka na kuzima bila kikomo. Tiba ilikuwa kuingia katika hali salama (Safe Mode) na kulifuta faili hilo, na pale diski zilipokuwa zimefungwa kwa BitLocker, kila mashine ilidai namba yake kwanza.

Bado kuna mashine ambazo sasisho linasingiziwa. Kwa sababu ya Fast Startup, laptopu nyingi zinapozimwa hazizimiki kikamilifu. Kiini cha mfumo hulazwa na kuamshwa kesho yake. Zinaweza kupita wiki bila kuanza upya kweli, mpaka sasisho lilazimishe, na hapo diski iliyokuwa ikidhoofika polepole ndipo inaposhindwa. Nikisikia mteja anasema mashine ilikuwa nzito tangu mwezi uliopita, naikagua afya ya diski kwanza, na sikubali mtu aendeshe chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski, juu ya diski inayokufa kabla data haijatoka, kwa kuwa kuisomesha na kuiandikisha diski hiyo kwa nguvu kunaweza kuimaliza. Tofauti kati ya diski mgonjwa na sasisho lililoharibika si rahisi kila mara, hata kwa aliyezoea.

Kupiga Windows upya kuna mahali pake, baada ya data kutoka na kufunguliwa katika mashine nyingine mbele ya mwenyewe. Hata hapo, anza na Reset this PC ukichagua kubakiza mafaili, na mweleze mteja kwamba programu zake, ikiwamo ile ya uhasibu yenye leseni ya zamani, zitaondoka zote, ili atafute namba za leseni kabla hujabonyeza.