Motisha ya urejelezaji: kuilipa nyumba badala ya kuitoza

Motisha ya urejelezaji ni malipo au zawadi ambayo nyumba inapata kwa kutenga taka zinazoweza kutengenezwa upya, kama chupa za plastiki, mikebe, karatasi na vyuma, na kuzifikisha zinakopokelewa. Zawadi inaweza kuwa pesa, chakula, tiketi ya basi au punguzo la bili. Njia ya pili ni tozo: unalipa kwa kila mfuko wa taka unaoutoa, na anayetoa kidogo analipa kidogo.

Tozo ina mahali pake. Korea Kusini inaitumia nchi nzima tangu 1995: taka za nyumbani zinatiwa kwenye mifuko maalumu ya kununua, na bei ya mfuko ndiyo ada yenyewe. Lakini kule gari la taka linapita, na anayetupa ovyo anaweza kukamatwa akalipa faini. Sasa ilete Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye milima ya mtaa wa Kadutu, ambako nyumba zimebanana, gari halipenyi na mfereji uko hatua chache tu kutoka mlangoni. Tuseme mama anaambiwa alipe franka 500 kwa kila mfuko. Umempa sababu ya franka 500 ya kungoja mvua.

Na mvua ya Bukavu haichelewi. Sashe, yaani mifuko ya plastiki, na chupa zinateremka hadi Ziwa Kivu, zinaelea mpaka pale maji yanapotokea kwa mto Ruzizi, kisha zinakwama kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950. Wafanyakazi huziopoa, wapiga mbizi huzama kuzitoa chini, na mitambo ikizibwa umeme unakatika mjini. Ile franka 500 iliyokwepwa inalipwa usiku, kwa mshumaa.

Nguvu ya motisha iko hapo. Anayekwepa tozo anajificha, na mji ungehitaji mtu wa kumvizia kwenye kila mfereji. Anayedai zawadi anajileta mwenyewe, taka mkononi. Kwake yatosha mizani, karani, na pesa iliyo tayari.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Curitiba, Brazili. Mwaka 1991 mji huo ulianza kubadilisha taka kwa chakula: ukileta kilo 4 za vitu vya kurejelezwa, unaondoka na kilo 1 ya matunda au mboga. Mpango ulilenga mitaa maskini, mingine yenye vichochoro ambavyo magari hayawezi kupita, na chakula kilinunuliwa kwa wakulima wa jirani waliokuwa na mazao ya ziada. Mkulima akapata soko, mji ukapunguza kazi ya kuzoa.

Uingereza nako, wilaya ya Windsor and Maidenhead ilianza mwaka 2009 kujaribu pointi: taka za kurejelezwa zinapimwa, pointi zinatumika madukani. Mpango huo hauniridhishi sana. Kule gari lilikuwa tayari linafika mlangoni, na wengi wa waliozawadiwa yaelekea wangetenga taka zao hata bila pointi. Zawadi ina kazi kubwa pale ambapo kufikisha taka ni taabu.

Watu huchanganya motisha na amana ya chupa, ambayo kila mnywaji wa bia ya Primus anaijua: chupa tupu ina thamani, na bila kuirudisha unaongeza pesa. Ile si zawadi, ni pesa yako inarudi. Ujerumani iliweka amana ya senti 25 za yuro mwaka 2003, hata kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja. Tazama mfereji wowote wa Bukavu: chupa za maji za plastiki zimejaa, chupa ya bia ya kioo huioni kwa urahisi. Sheria haikutufikisha huko; katazo la mifuko ya plastiki nchini Kongo lilitiwa saini tarehe 30 Desemba 2017, na sashe bado zinauzwa sokoni.

Zawadi ya kweli inahitaji mlipaji, na hapo ndipo mipango mingi inapokatika. Plastiki ni nyepesi: kilo moja inataka chupa 50 hivi za nusu lita, na usafiri hadi kiwandani unameza faida. Kwa maoni yangu wachangie wanaouza maji na soda kwenye chupa hizo, pamoja na wanaouza umeme, maana hao tayari wanagharimika bwawani. Halafu kuna ujanja: watu wataacha maji ndani ya chupa, watatia mchanga kwenye gunia ili mizani ishuke. Maganda ya ndizi na ya mihogo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya taka za jikoni, hayaguswi kabisa na mpango wa chupa. Hayo ni ya mbuzi, nguruwe na shimo la mboji.

Kupanga bei nako kunataka akili. Chupa safi tayari ina mteja: wauzaji wa mafuta ya mawese, kasiksi (pombe ya ndizi) na sabuni ya maji wanazitafuta. Kituo kikilipa chini ya wanacholipa wao, chupa nzima zitaenda sokoni na karani ataletewa zilizopasuka.