"Shall" kwenye mkataba wa pango

Wiki iliyopita nililetewa tafsiri ya mkataba wa pango niihakiki. Kiingereza kilisema: "The deposit shall be refunded." Mtafsiri aliandika: "Amana itarejeshwa." Sarufi haina kosa, lakini mpangaji akiisoma ataona ni habari ya jambo litakalotokea, kama mvua itakavyonyesha. "Shall" hapo haitabiri. Inamfunga mtu.

Shuleni tulifundishwa kwamba "shall" ni wakati ujao wa "I" na "we". Kwenye sheria sahau hilo. Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, imeliweka wazi: "may" inampa mtu hiari, "shall" ikimpa jukumu, ni lazima alitekeleze.

Kazi ngumu inatuangukia sisi watafsiri, kwa sababu -ta- yetu inabeba utabiri na amri kwa pamoja. Ibara ya 33 ya Katiba inaposema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", mwanasheria anajua kwamba -ta- hiyo inaweka cheo. Mpangaji hajasomea hayo.

Na hata majaji huvutana. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 81, inataka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa, na neno lililotumika ni "shall". Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa maoni kwamba "shall" ni amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi iko tayari kutekelezwa jinsi ilivyo. Hili la jinsia lingefikiwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Mimi niko upande wake. Afrika Kusini ilijiepusha na mvutano wa namna hii: Katiba yake ya 1996 inatumia "must".

Kwa hiyo nikikutana na "shall", swali langu la kwanza ni: nani anawajibika? "Itarejeshwa" inamficha. Nilimpigia simu wakili aliyeandika mkataba ule, akasema bila kusita kwamba ni mwenye nyumba. Nikamuuliza, ndani ya siku ngapi? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike 14. Sasa kifungu kinasomeka: "Mwenye nyumba ni lazima amrudishie mpangaji amana yake ndani ya siku 14 tangu akabidhiwe funguo." Na Kiingereza chenyewe amekirekebisha.