LibreELEC kwenye kompyuta ya nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana yenye madhara kuliko zote ni kwamba ukiweka LibreELEC umepata sinema na mpira wa bure. Sivyo. LibreELEC ni Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja, kuendesha Kodi, programu ya kuchezea video, muziki na picha, na Kodi ukiifungua mara ya kwanza haina filamu hata moja. Programu hii huria ilianza kwenye mashine za michezo za Xbox, ikajulikana kama XBMC, na mwaka 2014 ikaitwa Kodi. Kazi yake ni kupanga na kuonyesha ulicho nacho: filamu zilizo kwenye diski, video za harusi, kaswida, picha za watoto.

Viongezo vinavyoahidi mechi za kulipia bila malipo hutengenezwa na watu wengine, na waundaji wa Kodi wamevikana hadharani. Kiongezo ni programu inayofanya kazi ndani ya mashine yako. Ukikichukua kwa mtu usiyemjua, umemkabidhi ufunguo wa nyumba. Wanaouza visanduku vilivyojazwa viongezo hivyo wanaichafulia jina kazi ya watu waliojitolea, na hilo linaniudhi.

Wengine huogopa kwamba lazima ujue amri za Linux. Hapana: unapakua programu ya kuandalia flashi kutoka kwenye tovuti ya mradi, unaandaa flashi, unaiwasha kompyuta ianzie hapo, kisha unafuata menyu. Kinachohitajika ni umakini, kwa sababu wapo wanaodhani LibreELEC itakaa na Windows kwenye diski moja. Kisakinishi chake hufuta diski yote unayoichagua! Hamisha faili zako kwanza. Ukitaka kuonja tu, menyu ya kuanzia ina chaguo la kuiendesha kwenye flashi yenyewe bila kusakinisha.

Na je, kompyuta yoyote kuukuu inafaa? Si yoyote. Kwa kompyuta za kawaida, prosesa lazima iwe ya biti 64. Mwenye kadi ya picha ya Nvidia atafute toleo la Generic-Legacy, maana tangu LibreELEC 11 ya mwaka 2023 toleo la Generic ni la Intel na AMD. Kubwa zaidi ni aina ya video, yaani njia iliyotumika kuibana; H.264 ni njia ya zamani iliyoenea, HEVC ni mpya zaidi na nzito zaidi kufungua. Intel Core ya kizazi cha pili au cha tatu hucheza H.264 ya 1080p vizuri, kwa kuwa chipu yenyewe ina sehemu ya kazi hiyo. Video ya 4K ya HEVC ya biti 10 ni habari nyingine: msaada kamili wa chipu ulikuja na kizazi cha saba. Chini ya hapo prosesa hubeba mzigo wote, na picha hukatakata. Kabla ya kulaumu programu, angalia faili imebanwa kwa njia gani.

Rimoti ya TV kuiongoza kompyuta kupitia HDMI? Kwa Raspberry Pi, ndiyo. Kompyuta nyingi za kawaida hazina uwezo huo. Programu ya Kore kwenye simu ya Android hufanya kazi hiyo vizuri.

Bando likiisha, filamu zako zinaendelea kucheza. Intaneti inahitajika kwa kutafuta mabango, maelezo na manukuu.

Umeme kukatika ghafla nako hakuui mfumo kirahisi kama watu wanavyodhani. Faili za mfumo zimefungwa kwa kusomwa tu, na kinachoandikwa kila siku, yaani mipangilio na orodha ya filamu, kiko sehemu ya pembeni iitwayo storage. Hiyo ndiyo inayoweza kuharibika. Kwenye mipangilio ya LibreELEC, upande wa mfumo, kuna kitufe cha kutengeneza nakala rudufu. Kibonyeze ukishamaliza kupanga maktaba yako, kisha hamishia nakala hiyo kwenye flashi.