Rasi: nchi kavu inapotoa pua baharini

Mtoto wa darasa la nne atakwambia rasi ni sehemu ya nchi kavu iliyochongoka na kuingia baharini, na mwalimu atampa alama zake. Hajakosea. Ila jibu hilo linataja umbo tu, kama mtu aliyeulizwa jino ni nini akajibu kwamba ni kitu cheupe kilichomo kinywani. Halisemi kwa nini nchi ichongoke hapa na isichongoke pale jirani, wala kwa nini mahali penyewe huwa pamejaa mapango, matundu na mawe yaliyosimama peke yake majini.

Neno tumelipata kwa Waarabu. Kwao ra's ni kichwa, na ndicho kichwa hichohicho kilichojificha ndani ya rasilimali, yaani kichwa cha mali, mtaji. Ras ya machifu wa Ethiopia nayo ni ya ukoo mmoja na hilo. Mabaharia wa pwani yetu walilitandaza kila palipochomoza: Ras Nungwi huko kaskazini ya Unguja, Ras Kigomasha Pemba, Ras Serani pale Mombasa. Watu wa kaskazini ya Ulaya walipoliona umbo lilelile hawakuona kichwa, waliona pua. Waskandinavia wa kale waliliita nes, neno ambalo wataalamu wa lugha hulihusisha na pua, na popote walipotia nanga waliliacha: Reykjanes ya Iceland, maana yake rasi ya moshi, Caithness ya Uskoti, Skegness ya Uingereza. (Inverness usiihesabu humo. Ness ile ni mto.) Sisi nasi, tulipofika kwenye rasi kubwa kuliko zote za upande wetu, tuliacha kichwa na pua tukaiita Pembe ya Afrika.

Ukubwa basi hauna sheria. Rasi inaweza kuwa jiwe la kutembea kwa dakika tano, inaweza kuwa nchi nzima. Wala si lazima iwe ndiyo mwisho wa bara: Rasi ya Tumaini Jema imepata sifa zote, lakini ncha ya kusini kabisa ya Afrika ni Agulhas, mashariki yake. Kinachoifanya rasi iwe rasi ni kwamba bahari inaizunguka pande tatu na kwamba bado ipo wakati majirani zake wameshaliwa.

Mfano ninaoupenda wa kulieleza hilo uko mbali sana na kwetu: Eshaness, kaskazini-magharibi ya kisiwa kikubwa cha Shetland.

Shetland ni visiwa zaidi ya 100 vya Uskoti kwenye latitudo ya 60 kaskazini, na vinavyokaliwa na watu ni kama 16 tu. Meli ya usiku kutoka Aberdeen huchukua zaidi ya saa 12 kufika Lerwick, mji mkuu wake, na ukifika hapo uko karibu zaidi na Bergen ya Norwei kuliko Edinburgh. Hadi mwaka 1469 visiwa hivi vilikuwa chini ya mfalme wa Denmark na Norwei, Christian I. Alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa James III wa Uskoti, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha akaviweka rehani. Kule, kinyume cha kwetu, upande wa bibi harusi ndio uliotakiwa kutoa. Rehani haijakombolewa mpaka leo, lakini majina yalibaki ya Kinorse, lugha ya wale Waskandinavia wa kale, na ndiyo maana Eshaness ina pua mwishoni.

Sasa turudi kwenye lile swali la kwa nini. Pwani nyingi zimejengwa kwa miamba ya aina mbalimbali iliyopakana, mingine migumu, mingine laini au yenye nyufa nyingi. Bahari huipiga yote. Ile laini hukatika haraka na kurudi nyuma, mahali pake pakawa ghuba. Ile ngumu hubaki imesimama mbele, ikawa rasi. Kwa hiyo rasi haikutoka kwenda baharini, kama neno kuchongoka linavyotufanya tudhani. Imebaki palepale ilipokuwa. Ni nchi ya pembeni iliyorudi.

Mwamba wa Eshaness ulitoka kwenye volkano iliyolipuka karibu miaka milioni 400 iliyopita. Bahari imeupasua ubavu wa volkano hiyo, na ukisimama juu ya genge (genge la mwamba, si lile la nyanya na vitunguu) unaona tabaka za lava na za majivu yaliyoganda zimelaliana kama chapati ndani ya hotpoti. Wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuutazama mkato huo, maana ni nadra volkano ya kale kujifungua namna hiyo bila mtu kuichimba. Na jambo lililonishangaza mimi: wakati volkano ile inawaka, kipande hicho cha dunia kilikuwa kusini ya ikweta, katika nchi kame yenye joto. Mabara yametembea. Mwamba unaopigwa leo na upepo wa kaskazini ulizaliwa upande wetu wa ramani.

Ugumu huo una gharama yake. Ukishabaki mbele peke yako, mapigo yote yanakujia wewe, na si kwa kusema tu. Ni kanuni ya mawimbi. Fikiria watu wanavuta juya. Katikati ya wavu ikinasa mwamba huku ncha mbili zikiendelea kuvutwa, juya hujikunja likalikumbatia jiwe. Wimbi hufanya hivyohivyo. Sehemu yake inayoelekea rasi hukuta maji yanapungua kina mapema, ikapunguza mwendo. Zile za pembeni bado zina kina, zinaendelea. Mstari wa wimbi unapinda na kuizunguka rasi kutoka mbele, kulia na kushoto. Nguvu iliyokuwa imetawanyika baharini inakusanyika pale kwenye pua. Ndani ya ghuba huwa kinyume: wimbi linatanuka, nguvu inagawanyika, mchanga unatulia. Nahodha yeyote wa jahazi anajua pa kujificha na pa kukaa mbali, hata kama hajawahi kusikia maelezo haya.

Kwetu kuna kitu kinachotusitiri. Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki ina miamba ya matumbawe nje, na wimbi huvunjika huko kabla halijafika. Rasi zetu nyingi zenyewe ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya maji, magenge mafupi ya mita chache, yaliyoliwa chini hadi yakawa kama uyoga. Eshaness haina ukuta wa matumbawe. Maji ni marefu hadi karibu na genge, na upande wa magharibi Atlantiki iko wazi kwa maelfu ya kilomita, mawimbi yakija yameshiba upepo. Cha ajabu, kupwa na kujaa kwa maji huko ni kudogo kuliko kwetu: Lerwick wakati wa bamvua tofauti haifiki mita 2, Mombasa inapita mita 3. Anayebomoa pale si maji kujaa. Ni wimbi.

Na wimbi halibomoi kwa kulowesha. Likipiga genge lenye ufa, hewa iliyomo ndani ya ufa hushindiliwa kama kwenye pampu ya baiskeli. Maji yakirudi, hewa inafyatuka na kusukuma kuta za ufa nje. Hilo hurudiwa usiku na mchana. Kokoto nazo zikirushwa humohumo husaga kama kinu. Ufa unapanuka. Kinachofuata kina mfuatano ambao Eshaness inakuonyesha wote ndani ya matembezi ya siku moja.

Kwanza kuna mifereji mirefu myembamba iliyoingia ndani ya nchi yenye kuta wima pande mbili. Wenyeji huiita geo, neno jingine la Kinorse lenye maana ya ufa. Calder's Geo, karibu na mnara wa taa, iko namna hiyo: uko kwenye majani mafupi, kondoo wanakula, halafu ghafla ardhi hakuna. Kisha kuna Holes of Scraada. Hapa bahari ilichimba pango refu chini ya ardhi, dari ikaporomoka mbali na ukingo, ikaacha shimo lenye maji ya chumvi katikati ya malisho. Kwa muda mrefu yalikuwa matundu mawili yaliyotengwa na daraja la mwamba. Mwaka 1873 daraja nalo likaanguka. Jina limebaki la wingi ingawa shimo sasa ni moja.

Pango likitokeza upande wa pili huwa tao. Nje ya ufuko wa Stenness kuna kisiwa kidogo, Dore Holm, chenye tundu kubwa upande mmoja, na ukikitazama kutoka pwani ni farasi aliyeinamisha shingo akinywa maji. Tao likivunjika mgongo, kilichobaki upande wa bahari ni nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake. Zinazoitwa Drongs, kusini-mashariki, ni nguzo kama hizo, na kwa mbali watu huzifananisha na matanga. Nguzo nayo hukatwa shina ikawa kisiki kinachofunikwa na maji, na hicho ndicho kinachotoboa meli. Ukishauona mfuatano huu, kila jiwe lililo baharini mbele ya rasi unalisoma: hapo zamani palikuwa rasi.

Mahali panaponifanya ninyamaze ni Grind o da Navir, kaskazini kidogo. Grind ni lango, na kweli ni lango: pengo kubwa lililofunguliwa kwenye ukuta wa genge, yapata mita 15 juu ya bahari. Dhoruba za majira ya baridi hupanda hadi hapo, hung'oa vipande vya mwamba kwenye sakafu yake, kwa kuwa mwamba ule umepasuka kimraba kama matofali, na kuvisukuma nyuma vikarundikana kama tuta. Hayo si mawe ya ufukweni yaliyobebwa juu. Yamechimbwa hukohuko juu. Mwanajiolojia Samuel Hibbert alilieleza lango hilo katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu Shetland, na kazi hiyo inaendelea hadi leo.

Watu waliishije na jirani wa namna hii? Stenness palikuwa kituo cha uvuvi wa haaf, yaani bahari kuu, katika karne ya 18 na ya 19. Wanaume sita waliingia katika mashua ya wazi ya makasia sita na tanga moja, wakaenda mbali hadi nchi ikatoweka machoni, wakakaa huko usiku na kamba ndefu zenye ndoana. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juu ya kokoto za ufukweni, ng'onda kabisa isipokuwa jua lilikuwa haba. Wengi hawakwenda kwa hiari. Walikuwa wapangaji, na mwenye ardhi aliwataka wamvulie. Julai 1881 dhoruba moja iliua wavuvi 58 wa Shetland, na mnara wao wa kumbukumbu uko Gloup, kisiwa cha Yell.

Siku hizi wanaokuja ni watembeaji. Juni ndio mwezi wake, usiku hauingii giza kamili. Ndege wa bahari hutaga kwenye vibaraza vya genge. Fulma, ambaye anafanana na shakwe aliyenenepa, hutema mafuta yanayonuka ukimsogelea, na nguo haisafishiki kirahisi. Bonxie, mkubwa wa rangi ya kahawia, hukushukia kichwani ukikaribia kiota chake. Mafua ya ndege ya 2021 na 2022 yaliwaua wengi. Lakini hatari yenyewe si ndege. Ni ukingo. Majani yakilowa huteleza, na mara nyingi ulipokanyaga ni kibaraza kilichoning'inia, chini kumeshaliwa. Hakuna uzio. Upepo huvuma kwa vipindi, na ukiwa umeuegemea ukakatika ghafla, unayumba. Anayetaka kuchungulia chini alale kifudifudi, siku ya utulivu, mbali na geo.

Mnara wa taa ulijengwa mwaka 1929 na mhandisi David Alan Stevenson, wa ukoo uliojenga minara ya Uskoti kwa vizazi. Ni mfupi, mita 12, wa mraba, maana genge lenyewe limeshaufanyia kazi ya kuinuka. Mwaka mmoja baadaye, 1930, meli ya uvuvi Ben Doran ilikwama kwenye visiki vya Ve Skerries, kusini-magharibi, na mabaharia wote wakafa. Taa ya Ve Skerries yenyewe ilikuja mwaka 1979. Tangu 1974 ya Eshaness inajiwasha bila mlinzi. Ukiukaribia mnara utagundua kwamba ni wa zege, pamoja na mawe yote yale yaliyouzunguka. Stevenson alionelea jiwe la rasi ile halifai kujengea.