TSH haishuki? Uliza saa ya kidonge kabla ya kuongeza dozi

Mtu mzima ambaye tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, imekufa kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 za levothairoksini, homoni ya thairoidi iliyotengenezwa kama kidonge, kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 62 basi hutoshelezwa na 100 kwa siku. Akimeza hiyo 100 na TSH, homoni ya ubongo inayoisukuma thairoidi na ambayo hupanda homoni ya thairoidi ikipungua, bado ikasoma 12, mara nyingi dawa anayo, ila haifiki kwenye damu.

Kwa hiyo naanza na saa. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au kahawa. Wakorofi wakubwa ni madini ya chuma na kalisiamu: hushikana na dawa utumboni, isifyonzwe. Mjamzito huambiwa ameze vyote asubuhi asije akasahau, kumbe vidonge vya kuongeza damu vinapaswa kukaa mbali na levothairoksini kwa muda wa saa 4. Na ndicho kipindi ambacho dozi yake yenyewe huhitaji kupanda, kwa kawaida asilimia 25 hadi 30. Asubuhi ikishindikana kabisa, ameze akienda kulala, saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Rifampisini ya TB ni kisa tofauti: huchochea ini liivunje homoni haraka, na hapo kweli dozi huongezwa.

Ukishabadilisha saa au dozi, pima baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima wiki inayofuata ni kutupa hela. Anayemeza bayotini, vitamini ya nywele, aiache siku 2 kabla; katika baadhi ya mashine hufanya TSH isomeke chini kuliko ilivyo.

Linalonitia hofu zaidi ni TSH iliyopanda kidogo, tuseme 7, kwa mtu anayekonda. Thairoidi ikilegea, uzito huongezeka. Huyu anakonda, anatamani chumvi, anaona kizunguzungu akisimama, na mikunjo ya viganja na fizi zake zimekuwa nyeusi. Hapo shuku tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hasa kama aliwahi kuugua TB, maana huweza kuziharibu. Upungufu wa kotisoli, homoni ya tezi hizo, peke yake hupandisha TSH. Ukimpa levothairoksini kwanza, mwili utaimaliza haraka hata ile kotisoli kidogo iliyobaki, na presha itaporomoka.

Pima kotisoli saa 2 asubuhi, pamoja na sodiamu na potasiamu. Kotisoli ikiwa chini ya nanomoli 100 kwa lita, upungufu ni karibu hakika. Haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, hutangulia levothairoksini, miligramu 15 hadi 25 kwa siku zikigawanywa mara 2 au 3, kipande kikubwa asubuhi. Akipata homa dozi huongezwa mara 2 au 3. Akitapika mfululizo, adungwe miligramu 100 na apelekwe hospitali bila kusubiri majibu yoyote ya maabara.