Je, wajua kwa nini Jumapili hakuna gofu kwenye uwanja wa Old Course, St Andrews?

Ukifika St Andrews kule Uskoti siku ya Jumapili na fimbo zako begani, ile Old Course ambayo wapenzi wa gofu duniani kote wanaiota utaikuta haichezwi. Watu wenyewe wamejaa tele, wanatembeza mbwa, watoto wanakimbizana, wengine wanapiga picha kwenye kidaraja cha mawe cha Swilcan.

Zamani sababu ilikuwa ibada. Halafu kuna mzee Tom Morris, alianza kuutunza uwanja 1865, inasemekana aliwaambia wachezaji kwamba hata kama nyie hamtaki kupumzika, uwanja unataka. Mpaka leo Jumapili inachezwa kwa mashindano machache tu, kama siku ya mwisho ya The Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, ikifanyika hapo.

Ila mi naona jibu lenyewe liko kwenye ardhi, maana ile ni ardhi ya mji. Ni mchanga wa pwani, vijilima vya upepo, hapalimiki, basi watu wakawa wanalisha kondoo, wanaanika nguo na kucheza gofu hapohapo. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya kufuga sungura pale, na hati hiyohiyo ikatambua haki ya wananchi kucheza. Kumbe sungura ndo walikuja kuleta balaa! Mji ulifilisika 1797, ardhi ikauzwa, wafanyabiashara wakajaza sungura wakachimba kila mahali, watu wakagombana mpaka mahakamani, hadi 1821 jirani mmoja mpenda gofu, James Cheape, akainunua ikapona. Mji wenyewe uliirudisha mikononi mwake 1894.

Na kwa sababu hakuna aliyekaa akauchora tangu mwanzo, uwanja una tabia zake. Ni mwembamba, zamani njia ya kwenda ndo ilikuwa ya kurudi, na mpaka sasa mashimo 14 yanashea grini (yale majani mafupi yanayozunguka shimo) mbilimbili, la 2 na la 16, la 3 na la 15, ukijumlisha namba zao kila mara unapata 18. Hata idadi ya mashimo 18 kwenye gofu ilianzia hapa, 1764, walipopunguza kutoka 22.

Hata siku za kazi kuna kinjia cha umma, Granny Clark's Wynd, kinakatiza shimo la 1 na la 18, na mtu akipita kuelekea ufukweni, bingwa anasubiri kwanza apite.